Cheti Kipo, Cherehani Hakuna

Kuna hoja ambayo ukikaa Dodoma huwezi kuikwepa. Utaisikia kwenye bajaji ya kutoka Sabasaba kwenda Nkuhungu, utaisikia kwenye vikao vya kata, hata msibani watu wakishamaliza kula: hawa wa TASAF, yaani kaya maskini zinazopokea ruzuku ya Mfuko wa Maendeleo ya Jamii, watapewa hela mpaka lini? Wafundishwe kazi, wajitegemee, orodha ipungue. Anayesema hivyo mara nyingi si mtu mbaya. Ana ndugu zake kijijini, anakatwa kodi kwenye mshahara, na anataka kujua jambo hili linaishia wapi.

Nami nataka kujua. Nafundisha ushonaji. Nilianzia kwenye kituo kidogo cha kanisa wilayani Chamwino, sasa niko hapa mjini, na wasichana wengi waliopita mikononi mwangu wametoka kwenye kaya zinazopokea ruzuku. Kwa hiyo ningefurahi kuliko wengi kama ningeweza kusema kwamba mafunzo ndiyo dawa. Siwezi. Nilichokiona darasani, na nilichokisoma kuhusu nchi zilizojaribu kabla yetu, kinaniambia kwamba mafunzo hupunguza utegemezi pale tu yanapofuatwa na vifaa, soko na muda wa kutosha. Na ruzuku yenyewe ndiyo inayomwezesha mtoto wa maskini kukaa darasani mpaka mwisho. Ukiikata ili ulipie mafunzo, umemnyima nauli ya kuyafikia mafunzo hayo.

Kwanza tuwatazame walio kwenye orodha, maana wengi wanaowajadili hawajawahi kukaa nao.

TASAF ilianza mwaka 2000, na mwanzoni watu waliijua kwa madarasa, zahanati na visima. Mpango wa Kunusuru Kaya Maskini ulizinduliwa mwaka 2012, na kipindi chake cha pili kikaanza mwaka 2020. Umegusa zaidi ya kaya milioni moja nchini. Majina hutajwa kwanza na wanakijiji wenyewe kwenye mkutano, kisha hufuata uhakiki. Malipo hutoka kila baada ya miezi miwili, na sehemu yake ina masharti: watoto wadogo wapelekwe kliniki, wakubwa wasikose shule. Katika kipindi cha kwanza ruzuku ya msingi ilikuwa shilingi 10,000 kwa mwezi kwa kaya nzima, ukiondoa nyongeza za watoto. Kulikuwa pia na ajira za muda, yaani kuchimba malambo, kufungua barabara za vijijini, kupanda miti, kwa ujira wa shilingi 2,300 kwa siku, siku 60 kwa mwaka.

Wanaosema fedha hizi zinawabwetesha watu wazipigie hesabu. Mwezi wa Februari, njaa inapobana, shilingi 10,000 hainunui debe la mahindi soko la Majengo. Sijamwona mtu aliyeacha kulima kwa ajili ya pesa ya namna hiyo. Nimewaona walioitumia kununua daftari, chumvi, mafuta ya kula, na kulipa deni la dukani ili waweze kukopa tena.

Shangazi yangu ni mmoja wao. Anaishi kijiji kilicho mbele ya Mvumi, ni mjane, magoti yamemchoka, na analea wajukuu ambao mama yao alifariki. Mmoja wa wajukuu hao hatembei. Mtu anaposema "wapeni ujuzi" mimi humfikiria yeye, nikajiuliza ni ujuzi gani anaokosa. Anajua mbegu ya uwele inayovumilia jua, anajua kukausha mlenda ukakaa mpaka msimu mwingine, na kabla miguu haijamsaliti aliweza kukandika nyumba ya tembe peke yake. Anachokosa ni nguvu, na mvua. Dodoma tuna msimu mmoja tu, unaanza Desemba na kwisha Aprili, na miaka mingi mvua yote haifiki milimita 600. Mvua ikikatika katikati ya Februari, hakuna cheti kitakachojaza ghala lake.

Mzee kama huyu, na mtu anayeuguza mtoto mlemavu kutwa nzima, hawatatoka kwenye orodha kwa njia ya mafunzo, na si haki kuwadai hivyo. Kaya za TASAF zina wazee wengi, wajane wengi, watoto wengi. Mwenye uwezo wa kwenda kujifunza kazi ni kijana mmoja, pengine wawili. Hapo ndipo hesabu zetu zinapokosea, na naomba nieleze kwa kirefu kidogo, kwa sababu sijaona wengi wakiligusa.

Mjukuu mkubwa wa shangazi alijifunza uashi. Alipoiva akahamia Ihumwa, akapanga chumba, akaoa. Siku hizi humtumia bibi yake fedha kwa simu akipata kazi nzuri, asipopata hatumi. Ukienda na karatasi za uhakiki kijijini, kaya ya shangazi iko vile vile: bibi, wajukuu wadogo, nyumba ya tembe. Mafunzo yameshindwa? Kwenye karatasi, ndiyo. Lakini kijana yule, bila ule uashi, leo angekuwa na kaya yake mwenyewe kwenye orodha hiyo hiyo. Matunda ya mafunzo mara nyingi huonekana kwenye kaya ambayo haikuwahi kuandikwa, miaka mitano au kumi baadaye, kwenye kata nyingine kabisa. Anayehesabu majina yaliyofutwa kijijini hawezi kuyaona.

Naandika kwa uchungu kidogo kwa sababu sisi wa Dodoma tumebebeshwa jina la ombaomba kwa muda mrefu. Watu hutania kwamba Mgogo amezaliwa na mkono wazi. Wanaotania hivyo hawajui kwamba wazee wetu walikuwa na ng'ombe wengi na nafaka ya kutosha kuwauzia wapagazi wa misafara iliyopita Ugogo. Njaa kubwa inayoitwa Mtunya, ya mwaka 1917 mpaka 1920, ilikuja mvua ilipokosekana baada ya majeshi ya Wajerumani na Waingereza kuchukua nafaka, mifugo na wanaume wenye nguvu kwa ajili ya vita vyao. Watu wakauza walichobakiza, wengine wakatawanyika. Utegemezi una historia. Kumwambia mjukuu wa watu wale kwamba shida yake ni kutopenda kazi ni kumtukana mara mbili.

Sasa nije kwenye mafunzo yenyewe.

Yapo ya aina mbili hasa vijijini kwetu. Ya kwanza ni yale ya siku mbili tatu, chini ya mti au kwenye ofisi ya kijiji: sabuni ya maji, batiki, mishumaa, ufugaji wa kuku. Huja na mradi, huja na posho ya nauli na soda, hupigwa picha, huondoka. Sibezi kila kitu ndani yake. Lakini kijiji kizima kikifundishwa sabuni wiki moja, wiki inayofuata kila mlango una madumu ya sabuni na hakuna mnunuzi, kwa sababu mnunuzi naye anatengeneza. Wakati huo malighafi iko mjini, na nauli ya kuifuata inakula faida yote. Nimekutana na akina mama waliofundishwa sabuni na miradi tofauti, kila mradi ukidhani wa kwanza. Wanahudhuria kwa heshima. Wanajua mgeni akija na jambo lake hukaribishwa.

Aina ya pili ni mafunzo ya miezi, kwenye vituo kama vyetu au kwenye vyuo vya VETA, mamlaka ya serikali ya mafunzo ya ufundi stadi. VETA ilianzishwa kwa sheria ya mwaka 1994, makao makuu yake yako hapa Dodoma, na inaendeshwa kwa kiasi kikubwa na tozo inayolipwa na waajiri kwa ajili ya kuendeleza ujuzi. Hapa mtu anatoka akiwa na kazi mikononi: anaweza kuchomelea geti, kuvuta waya wa umeme nyumbani, kukata suti. Hii ndiyo aina ninayoiamini. Na hapa ndipo nimeona maumivu makubwa zaidi, kwa sababu anayemaliza anajua kabisa anachoweza kufanya, na hana cha kufanyia.

Msichana anamaliza ushonaji. Anaweza kukata gauni la mshono wa solo, anaweza kuweka lainingi isiyokunjamana, sare za shule anashona akiwa anaongea na mwenzake. Anarudi kijijini na cheti. Cherehani ya miguu, mpya, bei yake inaizidi ile ruzuku ya msingi ya mwaka mzima niliyoitaja. Bado hajanunua pasi ya mkaa, mkasi wa kukatia, meza, uzi. Anakaa. Mwaka unapita, mkono unakuwa mzito, mitindo inabadilika. Anaolewa au anakwenda kufanya kazi za ndani mjini, Dar es Salaam au hapa Area D. Ukimkuta baada ya miaka mitatu, cheti kimehifadhiwa vizuri ndani ya bahasha, chini ya nguo za kitenge.

Mwingine, mwenye mkono wa kawaida tu, mjomba wake alimwazima cherehani la zamani na kumpa kibaraza jirani na shule ya msingi. Leo anashona sare za shule nzima kila Januari na kuajiri wasaidizi msimu ukifika. Darasa lilikuwa moja, mwalimu mmoja. Kilichowatofautisha ni mjomba.

Serikali inaweza kuwa mjomba huyo, na kwa sehemu imejaribu. Ile asilimia 10 ya mapato ya ndani ya halmashauri, 4 kwa wanawake, 4 kwa vijana na 2 kwa watu wenye ulemavu, iliwekwa kisheria mwaka 2018, mikopo isiyo na riba. Ni jambo jema sana. Ila ni mkopo wa kikundi, na kikundi kinataka katiba, akaunti ya benki, mihtasari ya vikao na safari za kwenda halmashauri zisizopungua. Mtoto wa kaya maskini aliyetoka chuoni hana kikundi. Wenzake aliosoma nao wametawanyika wilaya nzima. Kisha mwezi Aprili 2023 mikopo hiyo ilisimamishwa nchi nzima ili utaratibu urekebishwe, na haikurudi mpaka mwaka 2024. Sababu za kuisimamisha zilikuwa za kweli, fedha nyingi zilikuwa hazirejeshwi. Lakini waliohitimu mafunzo katika kipindi hicho walitoka chuoni wakakuta mlango umefungwa, na ujuzi wa mikono haukai vizuri ukiwa umelazwa.

Nilianza kusoma kuhusu nchi nyingine kwa sababu nilitaka kujua kama ni sisi tu. Si sisi tu.

Mwaka 2017 mchumi wa Benki ya Dunia, David McKenzie, alikusanya tafiti za mafunzo ya kazi kwenye nchi zinazoendelea, zile zilizofanywa kwa kulinganisha waliofunzwa na wenzao waliokosa nafasi. Kwa wastani, katika kila watu 100 waliofunzwa, walioongezeka kupata kazi kwa sababu ya mafunzo walikuwa wawili hivi. Wawili! Wengine wangepata kazi hata hivyo, au hawakupata kabisa. Mwalimu yeyote akisoma takwimu hiyo inamkaa kifuani.

Marekani wamelijadili hili kwa miongo mingi, maana kule misaada kwa akina mama wasio na kazi ni suala la kisiasa kweli kweli. Mwishoni mwa miaka ya 1980 jimbo la California liliendesha programu iliyoitwa GAIN, na eneo la Riverside likawa maarufu kwa sababu liliwasukuma watu kutafuta kazi yoyote haraka badala ya kuwaweka darasani. Miaka ya mwanzo matokeo ya Riverside yalikuwa makubwa kuliko ya wenzao: kipato kikapanda, misaada ikapungua. Sheria ya mwaka 1996 iliyobadili mfumo wote wa misaada nchini mwao ilijengwa kwa sehemu juu ya imani hiyo ya kazi kwanza. Lakini watafiti waliowafuatilia watu wale wale kwa miaka mingi zaidi waliona kwamba maeneo yaliyowekeza kwenye mafunzo yalikuja kulipunguza pengo hilo polepole. Na upungufu mkubwa wa wanaopokea misaada baada ya 1996 ulikuja wakati uchumi wao ukiwa na nafasi nyingi za kazi, sheria ikiweka ukomo wa miaka, na wafanyakazi wa kipato cha chini wakiongezewa nafuu kupitia kodi. Mafunzo yalikuwa uzi mmoja tu katika kitambaa hicho. Nasi hatuna Riverside. Kwetu hakuna viwanda na maduka makubwa yanayotafuta watu. "Nenda katafute kazi" kijijini Bahi maana yake ni kwenda kupalilia shamba la jirani ambaye naye hana chakula.

Mfano unaotufaa zaidi uko jirani. Serikali ya Uganda iliwaalika vijana wa kaskazini mwa nchi hiyo, eneo lililotoka kwenye vita, waunde vikundi na kuandika maombi ya fedha za kujifunza ufundi na kuanza kazi. Mwaka 2008 vikundi vilivyobahatika vilipata fedha taslimu, wastani wa karibu dola 380 kwa kila mtu, bila mtu wa kuwasimamia kila siku. Vijana walilipia mafunzo, na sehemu iliyo kubwa zaidi wakaiweka kwenye vifaa na malighafi: vyerehani, mashine za kuchomelea, mbao. Baada ya miaka minne kipato chao kilikuwa juu ya wenzao kwa asilimia 38. Baada ya miaka tisa wenzao walikuwa wamewafikia kwa kipato, ingawa waliopata fedha bado walikuwa na mali zaidi na wengi zaidi walibaki kwenye kazi za ufundi. Sioni huo kama ushindi mdogo. Kumtanguliza kijana kwa miaka minne, wakati ndipo anapoanza kuzaa na kulea, ni jambo kubwa.

Na kuna Bangladesh. Shirika la BRAC lilianza mwaka 2002 kuzipa kaya maskini kabisa kifurushi kizima: mnyama au mali ya kuzalisha, mafunzo ya kuitunza, posho ya chakula kwa miezi ya mwanzo ili wasimle huyo mnyama, akiba, na mtu wa kuwatembelea mara kwa mara kwa muda wa miaka miwili hivi. Njia hiyo ilijaribiwa katika nchi sita, zikiwemo Ethiopia na Ghana, na matokeo yakachapishwa mwaka 2015. Kwa jumla kaya zilibaki na hali bora hata mwaka mmoja baada ya msaada kwisha. Honduras mambo hayakwenda vizuri: wengi walichagua kuku, na kuku wakafa kwa ugonjwa. Mfugaji yeyote wa Kongwa ataelewa hilo bila maelezo. Mdondo ukipita kijijini kabla ya chanjo, mafunzo yote ya ufugaji yanabaki kwenye daftari.

Ninachokipenda katika kifurushi kile ni posho ya chakula. Walielewa kwamba mtu mwenye njaa hawezi kusubiri mali ikue. Ruzuku ya TASAF inafanya kazi hiyo hiyo, na ushahidi uko hapa hapa kwetu. Kabla Mpango haujasambaa nchi nzima, uhawilishaji fedha, yaani kuzilipa kaya maskini ruzuku kama hii, ulijaribiwa kuanzia mwaka 2010 katika vijiji 80 vya Bagamoyo, Kibaha na Chamwino, nusu wakianza kulipwa na nusu wakisubiri ili ilinganishwe. Chamwino yetu! Kaya zilizolipwa hazikuonekana kula fedha yote. Zilijiunga zaidi na bima ya afya ya jamii, zikawanunulia watoto viatu, zikaongeza mifugo. Hakuna aliyewafundisha darasani kwamba kuku na mbuzi ni akiba. Walikuwa wanajua tangu zamani, walikosa cha kuanzia.

Ndiyo maana sikubali kupambanisha ruzuku na mafunzo kama vile moja ni ya wavivu na jingine la wachapakazi. Kwenye darasa langu, msichana anayekaa mpaka mtihani ni yule ambaye nyumbani kwao kuna angalau uji. Anayeacha katikati, mara nyingi ameitwa shambani mvua zilipoanza, au mama yake ameugua na hakuna wa kubaki na wadogo. Nimewahi kuomba, kwa watu waliokuwa wakitufadhili, kozi ianze Mei na kwisha Novemba. Jibu likawa kwamba mwaka wa fedha hauruhusu. Kozi ikaanza Desemba, watu wakipanda. Nusu ya viti vikawa vitupu kufikia Februari, na ripoti ikasema walengwa walikosa mwamko.

Kuna jambo jingine linalosemwa kwa sauti ya chini vijijini. Watu wanaogopa kuonekana wamepata nafuu. Mtu akiezeka bati, akiongeza mbuzi, mtoto akianza kushona kibarazani, majirani huanza kusema huyu atolewe, na uhakiki ukija anaweza kuambiwa amehitimu. Kuhitimu ni neno zuri, lakini kwa mama ambaye mafanikio yake yote ni cherehani moja ya mkopo, linaweza kumaanisha kupoteza fedha ya uhakika kwa ajili ya fedha ya kubahatisha. Kwa hiyo wapo wanaopeleka mbuzi kwa ndugu kijiji cha pili. Wapo wanaomkataza binti asiweke kibao cha "Fundi Nguo" mlangoni. Siwalaumu hata kidogo. Wanafanya hesabu ambayo mfanyakazi yeyote mwenye mshahara angeifanya.

Kama kweli tunataka watu watoke kwenye orodha wakiwa wamesimama, ondoeni hofu hiyo. Kaya yenye kijana aliyemaliza mafunzo na kuanza kazi ihakikishiwe, kwa maandishi, kwamba haitaguswa kwa misimu miwili ya kilimo. Mwaka mmoja hautoshi, kwa sababu fundi mpya mwaka wa kwanza anashona kwa bei ya kutafuta wateja. Na akitolewa, kisha mvua ikakatika na biashara ikafa, iwepo njia ya kurudi bila kuanza foleni ya miaka. Mtu akijua anaweza kurudi, ndipo anapothubutu kutoka.

Tuna bahati moja hapa Dodoma ambayo Singida na Manyoni hawanayo kwa kiwango hiki. Tangu serikali ilipoamua mwaka 2016 kuhamia kweli kweli, mji huu haujaacha kujengwa. Mji wa Serikali Mtumba, barabara ya mzunguko, uwanja wa ndege wa Msalato, reli ya kisasa iliyoanza kuleta abiria kutoka Dar es Salaam mwaka 2024, na nyumba za watu binafsi zisizohesabika kuanzia Nzuguni hadi Nala. Soko la ufundi lipo. Asubuhi na mapema, nenda vijiweni Ihumwa uone vijana wa Chamwino na Bahi wamekaa na makoleo wakisubiri kuchukuliwa kama saidia fundi. Wengi wao wanajua kazi kuliko wanavyolipwa. Amekaa chini ya fundi miaka, anapanga marumaru mstari usipinde, anapiga jipsamu, lakini hana karatasi, kwa hiyo mkandarasi anamlipa kama mbeba zege.

Kwa hawa, kuna mpango ninaoutetea kila ninapopata nafasi: urasimishaji wa ujuzi uliopatikana nje ya mfumo rasmi. Fundi wa mtaani anapimwa kwa vitendo, anaongezewa pale alipopungukiwa, anapewa cheti kinachotambulika. Ni wa muda mfupi, hauwahamishi watu kutoka kazini, na unawakuta tayari wana soko. Ule wa uanagenzi nao, ambapo kijana anajifunza kazini na si ubaoni peke yake, una maana ile ile. Ningepewa kuchagua pa kuweka shilingi ya mafunzo kwa kijana wa kaya maskini, ningeiweka huko kabla ya kufungua darasa jingine la sabuni.

Kwa wasichana ni vigumu zaidi, na sina jibu jepesi. Saiti haziwapokei vizuri, vyumba vya kupanga Mtumba vina gharama na hatari zake, na wengi wana mtoto mgongoni kufikia miaka 20. Nimeona kinachosaidia ni vitu vidogo visivyoandikwa kwenye maandiko ya miradi: mtu wa kushika watoto saa za darasa, choo chenye mlango, bweni lenye mlinzi mwanamke, na mwisho wa kozi kila mmoja kuondoka na mashine aliyojifunzia, hata kama ni kwa kuilipa kidogo kidogo. Kituo chetu cha Chamwino kilijaribu hilo la mwisho kwa kundi moja, mashine zikiwa za mitumba kutoka kwa waumini. Wengi walimaliza kulipa. Wale wasiolipa, mashine zilirudi na kupewa waliofuata.

Kwa hiyo nina ombi kwa anayesoma haya akiwa ofisini Mtumba au akiwa anajenga nyumba yake Nzuguni au Msalato. Unapokubaliana na fundi wako mkuu, mwulize kama kwenye saiti kuna kijana anayejifunza, na kama hayupo mwambie utalipia chakula chake cha mchana na viatu vya kazi akimchukua mmoja kutoka kijijini. Afisa maendeleo ya jamii wa kata anazijua kaya zenye vijana wa umri huo. Na sare za watoto wako za Januari, kabla hujaenda kununua zilizoshonwa tayari dukani, peleka kitambaa kwa msichana aliyemaliza juzi. Mpe mwezi Novemba, asishone kwa haraka.